Mlio Usio na Mkia

Kwetu kuna vitu viwili ambavyo mtu haazimi: mswaki wake na mlio wake. Mswaki nadhani kila mtu ananielewa. Mlio lazima niueleze, maana niliwahi kuutaja Kampala nikaulizwa kama nazungumzia simu.

Sisi Walugbara wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tunauita cere. Ni ukelele mrefu wa sauti nyembamba ya juu, ambao mtu anajitungia mwenyewe ujanani na kukaa nao mpaka anakufa. Unaupiga ukikaribia nyumbani jioni, ukiwa umelewa, ukiwa ngomani, au ukiwa shambani peke yako umechoka kunyamaza. Walio ng'ambo ya kijito wakiusikia wanajua fulani anarudi, wanaweka maji ya kunawa. Na hakuna anayeupiga mlio wa mwenzake. Si utovu wa adabu tu, ni kumchimbia mtu kaburi, kwa sababu mlio wako hupigwa na mtu mwingine siku moja peke yake: siku ya kukulilia. Ngoma zikiwa zimekolea, mrithi wako anasimama pembeni ya uwanja na kuupiga kwa niaba yako, kisha unafungwa. Hakuna atakayeusikia tena.

Wangu niliutunga nikichunga mbuzi upande wa Terego, mwendo wa baiskeli kutoka Omugo. Unaanza chini, unapanda, unakaa juu mpaka pumzi inakaribia kukatika, halafu unashuka kwa ngazi tatu. Ngazi hizo tatu mama aliziita mkia. Alisema hata upepo ukivuruga vingine vyote, mkia unamfikia. Maneno ya mlio wenyewe yanasema ng'ombe mweupe amerudi peke yake. Msiniulize maana, nilikuwa na miaka kumi na minne na hatukuwa na ng'ombe.

Baba alikuwa askari wa zamani. Mama ni Mkakwa wa Lobule, kule Koboko, alikutana na baba kambini, na nyumba yetu ikabaki na Kiswahili cha kambini mpaka leo. Nilipotaka kwenda jeshini baba hakunizuia. Alinipa onyo moja tu, na halikuhusu risasi.

"Ile mlio yako, hapana fundisha mutu. Hata rafiki. Hata bibi yako."

Nikasema ndiyo, baba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi guu langu ni zima. Kilichovunjika ni kingine.

Watu hucheka wakisikia mtu wa Arua alikuwa askari wa maji. Wana haki. Mto tulionao nyumbani, wakati wa kiangazi kuku anavuka bila kulowa kifua. Lakini jeshi halikuulizi umezaliwa wapi. Walitufundisha kuogelea ziwani, tukanywa maji mengi kuliko samaki, kisha wakatupeleka vitani kwenye bandari ya nchi ya watu. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka na boti ndogo za injini mbili, kulinda meli zinazoleta chakula na mafuta. Mimi nilikuwa fundi wa injini. Siku nyingi hakuna kilichotokea. Siku zilizobaki sitaki kuzisimulia.

Kilichonitesa zaidi ni pua. Bahari, kwa pua yangu, ina harufu moja tu, nayo haikupi nafasi: chumvi, kutu na samaki aliyechelewa. Ukiongeza petroli ya madumu, baada ya mwezi unakuwa huna pua tena. Ndipo vitu vya nyumbani vikaanza kunijia vyenyewe. Nimekaa juu ya dumu napangusa plagi, ghafla nanusa muhogo uliovundikwa, unaotoa ule uchachu wake siku ya kuanikwa. Au majani ya tumbaku yakikauka kwenye moshi. Au mafuta ya shea ambayo mama alinipaka magotini nikakimbia nayo vumbini. Si kukumbuka. Kukumbuka nakujua. Harufu ilikuja kweli, ikakaa kiasi cha kuhesabu mpaka kumi, ikaondoka.

Kati ya watu wa boti yetu kulikuwa na mwenzangu mmoja wa karibu, mtu wa mashariki ya Uganda, kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Mfupi, mcheshi, mkoromaji wa kupindukia. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nanusa hewa kama mbwa, na akaligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Kila siku kabla ya chakula cha mchana aliniuliza.

"Wewe, mutu ya Arua. Leo kwenu kunanuka nini?"

Nikisema tumbaku, anafumba macho na kuvuta pumzi. Nikisema muhogo, anaziba pua. Nikisema simsim inakaangwa, yaani ufuta wetu, anasema afadhali, leo mama yako amekumbuka kupika. Siku nikisema sinusi kitu, ananiangalia kwa huruma na kusema, "Basi leo wamelala njaa." Nilimpenda yule mtu. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu sikumwambia.

Na ni yeye niliyemfundisha mlio wangu.

Sina cha kujitetea. Ilikuwa mchana wa joto, injini zimezimwa, maji yametulia, naye akauliza kwa nini watu wa kwetu wanasemekana kupiga kelele wakirudi nyumbani. Nikaupiga. Jinsi ulivyokwenda juu ya maji yale, bila mti wala kilima cha kuuzuia, sijawahi kuusikia hivyo. Akashangaa, akataka kujaribu. Nikamkumbuka baba, kisha nikaona baba yuko mbali na bahari haijui mila za Terego. Akajaribu wiki nzima. Mwanzo aliupata, kupanda alikupata, lakini mkia ulimshinda. Alikuwa anashuka ngazi moja, sauti inakatika kama mtu aliyepaliwa, halafu anacheka. Tukazoea hivyo. Ikawa ndiyo namna yake ya kuniita kutoka mwisho wa gati: mlio wangu, umekatika mkia.

Halafu jino likaniuma. Jino la nyuma, shavu limevimba, nimekunja uso siku mbili sijalala. Asubuhi ya zamu yetu kulikuwa na kazi ya boti moja tu, na jina langu ndilo lililokuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa watu wa redio. Mwenzangu akaniangalia, akasema kwa sura hiyo nitawatisha hata maadui, nibaki, ataenda yeye. Injini alizijua vya kutosha. Hakuna aliyebadilisha karatasi. Akapanda na wengine wawili. Walipofika mwisho wa gati akapiga ule mlio uliokatika, akacheka, nami nikainua mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa umeshika shavu.

Boti haikurudi. Redio ilisema injini, kisha ikasema maji yanaingia, kisha ikanyamaza. Tulitafuta siku ile na ya pili. Tulipata dumu moja na kofia. Watu wawili waliokuwa naye walipatikana wamekufa. Yeye hakuonekana.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa mwisho wa gati, saa sita mchana, jua limesimama utosini na maji hayana hata mkunjo. Ikaja harufu. Kwanza simsim, inakaangwa, karibu kuungua. Kisha udongo. Si udongo wa kulimwa. Ulikuwa ule mwekundu wa kwetu unaotoka chini, baridi, ambao unautoa ukichimba kufikia kiuno. Mtu aliyewahi kuchimba kaburi anaijua tofauti. Ilikuwa nzito kiasi kwamba niliangalia mikono yangu kama ina tope. Nikageuka kumwambia mwenzangu, maana ndiyo ilikuwa saa yake ya kuuliza, na pale alipozoea kukaa palikuwa na kamba tu.

Ndipo nikausikia mlio wangu.

Ulitoka majini, upande wa wazi, mbali. Ukaanza chini, ukapanda, ukakaa juu, ukashuka ngazi moja, ukakatika. Kimya. Kisha mara ya pili, hivyohivyo. Ngazi moja, ukakatika. Sikuusikia tena.

Nilikimbia kwa afande. Nilimwambia jamaa yuko hai, ananiita, upande ule. Hakunicheka, Mungu ambariki. Alitoa boti, tukatafuta mpaka jua likachwea. Maji yalikuwa yamelala kabisa, ungeona hata nazi ikielea. Hatukuona kitu. Afande akaniuliza taratibu kama nimelala siku hizi. Nikasema hapana. Akaniambia nikalale, na asubuhi yake utafutaji ukafungwa.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema nilichanganyikiwa kwa jino na majonzi. Hayakuishia hapo.

Kulikuwa na askari mmoja wa Koboko kituoni, aliyejuana na mdogo wangu. Siku boti ilipopotea alisoma ile karatasi mlangoni, akaona jina langu, akampigia simu mdogo wangu kabla hajauliza. Simlaumu sana. Na mimi ningepiga. Jioni ileile simu zetu zote zilikusanywa habari zisivuje, naye akahamishiwa kituo kingine. Kwa hiyo nyumbani nilikuwa nimekufa, na mimi sina habari.

Nilirudishiwa simu baada ya wiki mbili. Nikampigia mdogo wangu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Ndugu yako."

"Ndugu yangu iko ndani ya udongo," akasema, na akakata.

Nikapiga tena. Safari hii mama ndiye aliyeshika, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema na jambazi.

"Kama wewe iko mutu hai, sema. Ile siku wewe naenda jeshi, mimi napika nini?"

"Majani ya kunde na simsim. Ukaunguza simsim."

"Mimi hapana unguza," akasema, na akaanza kulia.

Kidogo kidogo nikapata habari yote. Mwili haukuwepo, kwa hiyo walizika blanketi langu. Walichimba asubuhi ya siku ya tatu. Mama alikaanga simsim ya wageni, na mchana, ngoma zikiwa zimekolea, mdogo wangu alisimama pembeni ya uwanja akapiga mlio wangu. Mara ngapi? Mara mbili. Saa ngapi? Jua likiwa utosini.

Sasa nifuateni vizuri, kwa sababu hili ndilo limekula miaka yangu. Kama nilichokisikia pale gatini kilikuwa mdogo wangu, basi sauti ilivuka Uganda nzima na nchi nyingine hadi kwenye bahari, ikaja na moshi wa simsim na udongo wa kaburi langu. Hilo haliwezekani. Kama nilichokisikia kilikuwa mwenzangu, basi siku ya tatu alikuwa hai majini, amevaa jaketi lake la kuelea, ananiita kwa mlio niliomfundisha, na sisi tukapita tukamwacha. Hilo linawezekana sana. Harufu inasema ni mdogo wangu. Mkia uliokatika unasema ni mwenzangu. Watu wengine wanaogopa mizimu. Mimi nimeomba kwa magoti kwamba iwe mizimu.

Nilipotoka jeshini nikarudi Arua na kufungua kibanda cha kutengeneza jenereta. Siku ya kwanza kufika nyumbani nilisimama uani nikavuta pumzi, na sikunusa kitu. Tumbaku ilikuwa imetundikwa palepale, muhogo umeanikwa palepale. Hakuna. Baharini vilinifuata bila kuitwa, na sasa viko mbele yangu, vimeninyima. Nilikwenda hospitali ya Kuluva wakanipima pua na masikio. Wakasema viko sawa. Nikawaambia ndiyo hofu yangu, maana basi nilisikia kweli.

Mlio sikuupiga tena. Wazee walisema umeshafungwa, nikitaka nitunge mwingine. Mwanaume wa umri wangu hatungi mlio. Nikawa narudi nyumbani kimya, na mama alikuwa anashtuka kila nikitokea mlangoni.

Kitu nilichotaka kilikuwa kidogo tu: mdogo wangu aupige tena kama alivyoupiga siku ile, nisikie alivyoumaliza. Kama alikata mkia, basi nilimsikia yeye, na mwenzangu alizama siku ya kwanza, haraka, kama wale wengine. Kama aliushusha mzima, basi tulimwacha. Nilimuuliza kwa mdomo, akasema hakumbuki. Nilimwomba aupige, akakataa. Yeye anauza samaki wakavu Omugo kwa wakimbizi wa Sudan Kusini, maneno yamejaa kinywani kutwa nzima, lakini kwa hili alifunga.

"Mimi nakuua wewe mara moja," akasema. "Inatosha."

Miaka ikaenda. Baba akafariki, mama akarudi Lobule kwa ndugu zake, macho yakamwingia ukungu. Masikio yalibaki makali. Anapika kwa pua: akisikia harufu ya simsim imegeuka, anajua imeiva, anaepua. Mwaka huu, wakati wa kiangazi, alituita sote wawili, akasema kifua chake si kizuri na anataka kutusikia tukila pamoja. Mimi nikatoka Arua, mdogo wangu akaja na baiskeli yake yenye harufu ya samaki, nikaambiwa hivyo, kwa maana mimi sikuisikia.

Siku ya pili yake tulikuwa tunakula enyasa uani, yaani ugali wetu wa muhogo na ulezi. Simsim iko jikoni, kikaangoni, mama kakaa nasi mkekani karibu na mlango wa jikoni. Jua likafika utosini. Mama akainua kichwa.

"Saa sita wewe nanyamaza," akaniambia. "Jana vile vile. Kila mara wewe nakuja hapa, saa sita wewe nanyamaza, mkono nasimama. Nani nakuita?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu hakuwa ananiona. Nikasimulia yote: jino, karatasi, harufu, ngazi moja, mara mbili. Nikamwambia hata lile ambalo nilikuwa sijamwambia mtu, kwamba nilimfundisha mtu mlio wangu na baba alinikataza. Mdogo wangu aliacha kula. Mama alichezea ukindu wa mkeka muda mrefu.

"Yeye iko na mama?" akauliza hatimaye.

"Alikuwa naye."

Akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Simama. Enda pale kwa kona ya mtama. Piga."

"Mama, yeye iko hai. Hapana pigia mutu hai."

"Mimi nasema piga. Kama iko makosa, makosa ya mimi. Mimi nazeeka, itanipata mimi."

Akaenda. Nilimwona mgongo wake mpaka kwenye kona, akasimama, akapangusa mdomo. Watu walikuwa wanasafisha shamba upande wa pili. Akaupiga.

Nilikuwa nimesahau ulivyo mzuri. Ulianza chini, ukapanda, ukakaa juu mpaka nikahisi pumzi yangu mwenyewe inaisha. Wale wa shambani waliacha majembe, wakageuka wote kutazama uani kwetu, wakitafuta maiti. Ukashuka ngazi moja. Ya pili. Ya tatu, safi, mpaka chini.

Nilishika ardhi kwa mikono yote miwili. Nilimwona yule mfupi, mdomo umekauka kwa chumvi, anaangalia boti yetu ikigeuka. Nadhani nilisema jina lake.

"Ile siku haikuwa hivi," mama akasema.

Nikamwangalia. Uso wake ulikuwa umetulia, macho yenye ukungu yameelekezwa kando kidogo ya mahali nilipo.

"Ile siku yeye nalia sana. Sauti nashuka mara moja, nakatika hapa." Akagusa koo. "Mara ya pili, vile vile. Mkia hapana toka. Mimi ilikuwa karibu. Mimi nasikia na masikio yangu."

Mdogo wangu alikuwa amerudi, amesimama kwenye uzio anahema. Alimtazama mama, kisha mimi, kisha akainamia baiskeli yake na kuminya tairi ambalo halikuwa na kasoro.

"Ndiyo," akasema. "Ilikatika."

Miaka yote ile alisema hakumbuki.

Nilitaka kumuuliza imekuwaje leo akumbuke. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo nikanusa, kwa mara ya kwanza tangu baharini, na si kwa hesabu ya kumi: simsim, kali, imepita kiasi, inawaka. Moshi ulikuwa unatoka jikoni na kutanda uani, na mama, ambaye hajawahi kupitwa na harufu, alikuwa ameketi katikati yake mikono imelala mapajani.

"Mama," nikasema, "simsim inaungua."

"Haiungui."

Machozi yalikuwa yananitoka, moshi au si moshi. Mdogo wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye tairi.

"Sawa, mama," nikasema. "Haiungui."